Kengele Niliyoipiga Mwenyewe

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo nimeitumia katika insha si mara moja, na mwalimu akanipa alama zangu. Lakini maana yake niliipata siku nilipompigia babu yangu kengele.

Msomaji mpendwa, mimi ni mzaliwa wa Kitale. Nyumbani kwetu ni Kiswahili, darasani Kiswahili na Kiingereza, mtaani ndiyo hivyo tena, Sheng. Lubukusu nilikijua cha kuombea maji tu. Kwa Kuka, yaani babu yangu, karibu na vilima vya Sang'alo huko Bungoma, nilikuwa nikienda Disemba kula kuku na kurudi.

Mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili, Chama chetu cha Kiswahili kilizuru Jumba la Makumbusho la Kitale, ambalo asili yake ni mkusanyiko ulioanzishwa na Kanali Stoneham mwaka 1926. Rafiki yangu akanichokoza: "Wewe si una babu anayepiga litungu? Mbona hajawekwa hapa?" Tulicheka hadi machozi. Usiku bwenini sikucheka tena.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Tuanzishe tamasha letu dogo la muziki wa jadi! Halingekuwa kama Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 huvuta umati Mji Mkongwe, Zanzibar. Letu lingekuwa Jumamosi moja, chini ya miti, na wazee wachache wenye litungu, siilili na ngoma za isukuti. Mwalimu mlezi alitueleza kuwa mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tukatazamana. Kama isukuti, inayorindima harusini na matangani, imo hatarini, litungu je?

Tuliuza mandazi muhula mzima kupata nauli ya wazee. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja: busaa isionekane langoni. Mzee mmoja alipoambiwa kuna uji wa wimbi, alisema, "Aa, basi na sisi tutaimba nyimbo za watoto!"

Mimi, katibu, niliandaa ratiba. Kila mpigaji dakika nane, kisha kengele, kama tulivyozoea katika mashindano ya muziki. Niliionea fahari ratiba ile kama tausi na mkia wake.

Siku ikawadia. Kuka alifika kwa matatu kupitia Webuye na Kamukuywa, litungu limeviringishwa guniani. Manamba alikuwa amelitoza nauli ati limekalia nafasi ya mtu! Akaketi, akakaza zile nyuzi saba. Zamani zilikuwa za kano za wanyama. Siku hizi ni nailoni. Akaanza.

Wimbo wake haukuwa na haraka. Alisalimu walimu, akasalimu waliotoka Bungoma, akaingia katika koo, mmoja baada ya mwingine. Aliyetajwa ukoo wake aliitikia. Kisha akaanza kuwaita waliotutangulia. Nikatazama saa. Dakika nane! Nikapiga kengele.

Vidole vyake vilisimama. Uwanja ukawa kimya kama makaburini. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole:

"Mjukuu wangu, umempigia nani kengele? Mimi, au huyo niliyekuwa namwita?"

Aliyekuwa akiitwa ni baba yake. Mimi nilikuwa sijui hata jina hilo.

Laiti ardhi ingalipasuka inimeze! Nilimfuata nyuma ya jikoni, nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema, "Nitarudi mwakani, lakini sitaki pesa zenu. Njoo kila likizo ujifunze wimbo mmoja."

Baadaye nilisoma maktabani kuhusu Guelaguetza, sherehe ya kila Julai katika jimbo la Oaxaca, Mexico. Jina hilo linatokana na lugha ya Wazapoteki, na maana yake ni kupeana kwa zamu. Wachezaji wa kila eneo wakishamaliza, huwagawia watazamaji mazao ya kwao. Nikaona kosa letu. Tuliwaalika wazee watupe, nasi tukawarudishia dakika nane.

Mwaka huu hatukuweka saa. Kila mwanafunzi aliyetaka kuketi alitoa kitu: kitendawili cha kwao, wimbo wa bibi yake, au majina ya wazee wake watatu. Ratiba ilivurugika kabisa, na wapishi walinung'unika. Lakini Kuka alipoita tena jina lile, niliitikia kwa Lubukusu. Ulimi uliteleza, wazee wakaangua kicheko. Kuka hakusimama. Aliendelea karibu saa nzima.

Sasa vidole vyake vimeanza kukakamaa, nami nimeweza nusu tu ya wimbo mmoja. Likizo zilizobaki nazihesabu.

Ndugu zangu wa vidato vya chini, sisi wa kidato cha nne tunaaga. Daftari la tamasha nimemwachia mwalimu mlezi. Kengele imo kabatini mwake. Nawasihi, msiitoe.