Nipe Mji

Mchezo wa kusafiri kwa mawazo na kufumbua mafumbo njiani si mgeni kwa watu waliolelewa na vitendawili. Mtegaji hutega; wasikilizaji wakishindwa, husema, "Nipe mji," nao humpa. Watoto wa Shinyanga waweza kumpa Kahama, au Mwadui yenye almasi, au Geita yenye dhahabu. Aliyepewa mji huwa na deni, nalo hulilipa kwa kutoa jibu. Safari yote huwa ya maneno, pasipo mtu kuinuka mkekani.

Kwa maneno vile vile Will Crowther, Mmarekani mpenda mapango, alitunga mchezo wa kompyuta wapata mwaka 1976 ili binti zake wacheze. Hakubuni nchi mpya: alilichukua pango la Kentucky alilopata kulipima pamoja na wenzake, akatia hazina ndani yake. Mchezaji huandika aendako, na mashine humjibu.

Basi mtunzi wa Geita hakosi pango. Mashimo ya wachimbaji wadogo, yaitwayo maduara, yako karibu naye, yana kamba, giza na tumaini. Lakini hapo ndipo busara inapotakiwa. Mchezoni, afaye huanza upya. Durani, kifusi hakirudishi mtu. Mtoto aliyefiwa na baba shimoni naye atacheza. Mtunzi asiifanye dhahabu kuwa rahisi, wala kifo kuwa kichekesho. Atwaaye mji wa watu hudaiwa jibu la kweli.