Swali la Binti wa Lindi

Nimefundisha historia sekondari miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kama kipofu. Niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakafaulu, wazazi wakanishukuru. Aliyeuliza swali lililo nje ya mtaala nilimwambia akae. Watu waliniita mwalimu mkali. Ukweli ni kwamba niliogopa siku watakapogundua kuwa sijui.

Shule yetu ina urafiki na shule moja ya Ujerumani, na kwa msaada wao nilipewa jukumu la kuongoza vijana wa kidato cha tano kwenda Berlin, kisha Ubelgiji. Kabla ya kuondoka niliwaambia: tunakwenda kwa walioendelea, angalieni mjifunze, msiniaibishe kwa maswali.

Berlin tulipelekwa Museum für Naturkunde. Ukumbini imesimama mifupa ya dinosauri, mjusi mkubwa wa kale, kimo chake zaidi ya mita 13. Vijana walinyamaza wote. Binti mmoja mzaliwa wa Lindi alisoma maelezo, akanigeukia.

"Mwalimu, hii mifupa ni ya Tendaguru, kule kwetu Lindi. Kwa bibi si mbali na pale. Ilibebwa na nani mpaka bandarini?"

Nilijua kwamba ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na kwamba walioongoza ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliobeba sikuwajua. Nikamjibu kwamba tunachelewa, tuendelee. Akanyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenibishia.

Usiku sikulala. Nilisoma kwenye simu hadi alfajiri. Vita vya Maji Maji nilikuwa nikivifundisha kila mwaka, 1905 hadi 1907, sababu na matokeo. Haikunijia hata mara moja kwamba watu wa kusini waliotoka kwenye vita vile na njaa yake ndio walioitwa, miaka michache tu baadaye, kuchimba mifupa ile na kuibeba kwa miguu hadi Lindi, kichwani na mabegani. Mzigo wote ulizidi tani 200. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake limeandikwa, limekuwepo siku zote, na mimi mwalimu wa historia nilikuwa nalisoma kwa mara ya kwanza, tena ugenini.

Asubuhi, wakati wa chai, nilisimama mbele ya vijana. Nilisema: jana sikujua jibu, na badala ya kusema sijui nilimnyamazisha mwenzenu. Naomba mnisamehe. Magoti yalikuwa yakinitetemeka. Nilitegemea dharau, na ningestahili.

"Hakuna neno, mwalimu," binti akasema. "Tumuulize bibi."

Akapiga simu Lindi, akafungua spika. Tukamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo bibi!" Bibi akaitikia, akacheka, akatuuliza kama huko baridi inatuua. Kisha akasema babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi. Alilipwa rupia, na bega lake lilibaki na kovu hadi anazikwa. Meza nzima ilikuwa kimya. Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile, maana sikuifanyia kazi yoyote, nilipewa tu.

Ubelgiji tulifika mji wa Tervuren. Kando ya kanisa yapo makaburi ya Wakongo saba, kati ya wale walioletwa mwaka 1897 kutazamwa na watu kwenye maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili. Vijana walisoma majina kwa sauti: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Wakaniuliza mengi. Mengine sikuyajua, nikasema hivyo, na tukayatafuta.

Sikubadilika mara moja. Mkaguzi akija darasani, ukali wa zamani hunirudia, na mtihani wa taifa haungoji mtu. Ipo mihula ambayo nimerudi kwenye kuandika ubaoni tu, hadi mwanafunzi fulani akanyoosha mkono na kunikumbusha. Wananivumilia kuliko nilivyowavumilia.

Mwalimu mwenzangu, kama nawe unaliogopa swali la mwanafunzi, kesho likija mwambie hujui. Kisha mtume akamuulize bibi yake, na akirudi mpe nafasi asimulie darasa zima.