Chupa ya Koko na serumu ya hospitali

Mu mwaka 2016 mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka saba, alianza kuvimba taya. Tulifikiri ni jino. Jino liling'olewa, taya likaendelea kuvimba. Munganga wa Bukavu akasema ni limfoma ya Burkitt, kanseri ambayo Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 kule Uganda, na ambayo inapiga sana watoto wa inchi zenye malaria. Akaongeza kwamba inaweza kupona kwa shimio. Dada yangu alisikia tu neno «kanseri».

Mama yetu, yeye watoto wanamuita Koko, hakubishana na munganga. Alipanda kutoka Uvira na kikapo chake, akalala na mtoto ku hospitali, na kila asubui, mbele wanganga wapite, alimunywesha maji ya miti yaliyotoka kwa mufumu mumoja. Sisi wote tulijua. Hakuna aliyesema. Tulijiambia dawa mbili zinashinda moja.

Kisha serumu ya pili, macho ya mtoto yakawa manjano. Vipimo vya ini vilikuwa vibaya, shimio ikasimamishwa. Munganga aliuliza bila kukasirika: «Mulimupa nini?» Koko alitoa chupa mu kikapo. «Ni miti gani?» Koko hakujua. Tulimupigia mufumu simu, akakatala: ni siri ya jamaa yake. Basi munganga hakuweza kujua kama ini lilichokozwa na chupa ao na dawa yake yeye mwenyewe. Hapo njo niliona haya. Si haya ya kutumia miti, lakini ya kumupa mtoto kitu kisicho na jina.

Munganga hakutukana miti, hapana. Alituonyesha ku dirisha maua ya rangi ya rozi, yale wanaita pervenche kwa Kifaransa. Kumbe Koko anayapanda mbele ya nyumba yake! «Mu serumu ya mtoto muko vinkristini,» alisema, «na vinkristini inatoka mu ua hili.»

Nilisoma nyuma. Asili ya ua ni Madagaska, lakini watu wa Jamaica walichemsha majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 majani yalifika Canada kwa munganga Robert Noble. Sukari ya panya haikushuka. Chembe nyeupe za damu njo zilipunguka. Ndani yake walitoa vinblastini, kisha wengine wakapata vinkristini, ambayo inazuia chembe ya kanseri isijigawanye. Gramu moja inaomba mamia ya kilo za majani makavu, na mutu mukubwa kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 mara moja. Ikizidi, mishipa ya fahamu inaharibika. Ini njo linaisafisha mu damu. Mti unaochelewesha kazi ya ini unafanya dawa izidi kipimo. Mti unaoiharakisha unaitoa mbele haijafanya kazi.

Ni kweli, watafiti wanajaribu kuunganisha viini vya mimea, kama kile cha manjano tunayotia mu chakula, na dawa za shimio. Mu vyombo vya maabara mara nyingine vinasaidiana. Mwili wa mtoto si chombo cha maabara.

Koko alinyamaza siku mbili, kisha akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Baba yake mwenyewe alikuwa mufumu. Mugonjwa akifika, swali la kwanza lilikuwa: umetoka kwa nani, umekunywa nini? Kama alikuwa na dawa ya mwengine mu tumbo, aliambiwa arudi kisha siku tatu. «Nilikuwa najua,» alisema Koko, «na woga ulinisahaulisha.»

Macho yalitakata, shimio ikaanzishwa tena, mtoto akaimaliza. Kwa muda wote uliobaki Koko alimusimamisha infirmiye kila asubui kumuelezea kila kitu mtoto alichotia mu kinywa, hata uji, hata chai ya majani ya ndimu. Yule infirmiye alichoka naye.