Bustani ya Bamburi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi huipita Bamburi, mahali palipochimbwa mawe ya saruji miaka mingi hata pakabaki jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 Bwana René Haller alijaribu kupanda hapo aina 26 za miti. Aina tatu tu zilistahimili, na mvinje ndio uliostawi zaidi. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Basi wakaletwa majongoo, viumbe ambao wengi wetu huwakanyaga bila kufikiri, wakayala, na mavi yao yakawa udongo. Kazi ya miaka, si ya msimu mmoja. Siku hizi mtu mwenye moyo mzito huketi kivulini pale akausikiliza upepo katika mivinje.