Kutoka Chogo Hadi IPS

Kompyuta niliyojifunzia kazi ya steshenari Kyela mjini ilikuwa na kioo cha chogo, inchi 17. Kilichukua nusu ya meza, kilikula wati 80 hivi za umeme, na joto lake liliongezeka juu ya joto la ukanda wa Ziwa Nyasa, ambalo Desemba halina huruma. Tulikithamini sana. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa wazee waliotoka Ipinda au Matema kuja kuchapisha barua, kioo chenye picha kilikuwa bado kitu kipya.

Chogo kilikuwa na sifa moja kubwa: mteja akisimama kulia kwangu, kushoto au nyuma ya bega, aliona picha ileile niliyoiona mimi. Muuzaji wa vioo hataji sifa hiyo, lakini kwa duka kama letu ndiyo ya kwanza, maana kazi yetu hufanywa na watu wawili, mmoja ameshika kipanya, mwingine amesimama anaelekeza. Mama anakuja na picha ndogo ya marehemu, imechakaa pembeni, anataka iwekwe juu ya ratiba ya mazishi. Kwetu msibani hujaa watu, na ratiba ile itashikwa na ukoo mzima. Sura lazima iwe ya mtu wao.

Vioo bapa vilipofika, kila duka lilivikimbilia. Vyepesi, meza ikapata nafasi, umeme ukashuka hadi wati 20 au 30. Karibu vyote vilikuwa vya TN, aina iliyokuwa rahisi kutengeneza kuliko nyingine. Ndani ya TN fuwele hujisokota na kujisokotoa kuruhusu mwanga kupita, na rangi hubadilika kadiri jicho linavyohama. Ukitazama kwa chini picha huwa nyeusi, ukitazama kwa juu hupauka. Mimi nimekaa, naona ngozi ya marehemu iko sawa. Mama amesimama.

“Mwanangu, mbona mzee amekuwa mweupe hivi? Mrudishie rangi yake.”

Namrudishia, tunachapa, na kwenye karatasi anatoka mweusi kuliko alivyokuwa. Wino umekwenda, karatasi imekwenda, na mama wa watu ana msiba. Tukaweka stuli karibu na meza ili mteja akae, macho yetu yawe kimo kimoja.

Dawa ilikuwepo siku nyingi. Mwaka 1996 Hitachi ya Japani ilitoa vioo vya IPS, ambavyo fuwele zake hulala sambamba na kioo na kuzungukia hapohapo, kwa hiyo rangi hazigeuki sana hata ukitazama kutoka pembeni. Bei ndiyo ilitushinda kwa miaka. Baadaye ofisi za Ulaya zikabadilisha vioo vyao, vile vya zamani vikaja Dar es Salaam kama mtumba, vikapanda Mbeya, vikateremka Tukuyu hadi kwetu.

VA, aina ya tatu ya vioo bapa, nayo ina mahali pake. Tofauti yake ya mwanga na giza hufika 3,000 kwa 1, IPS ya kawaida ni 1,000 kwa 1. Mwenye banda la video, chumba cha giza, achukue VA bila kusita. Steshenari ina mlango wazi na jua la barabarani. Weusi ule mzito humezwa na mwangaza, na sura hupauka kwa anayetazama kutoka pembeni.

Kioo cha mtumba nakijaribu kwa kukaa, kisha kusimama. Nafungua picha nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, natafuta nukta zilizokufa na madoa ya njano. Namba ya modeli nayo husema kweli ukitafuta sifa zake: nyuzi 178 kwa 178 za kutazamia ni IPS au VA, 170 kwa 160 ni TN.

Juzi kijana anayefungua duka Kasumulu, mpakani, alitaka inchi 27 mpya kwa sababu ya ukubwa. Kwa nukta 1920 kwa 1080, inchi 27 hubakiwa na nukta 82 hivi kwa kila inchi, na herufi huonekana na meno. Inchi 24 ina 92. Nilimwambia achukue ya 24, IPS ya mtumba, yenye mguu unaopanda na kushuka, na chenji anunue stabilaiza. Umeme wetu hupanda na kushuka ghafla, na joto la Kyela huchosha kapasita mapema.