Usiku wa Ijumaa

Ami yangu, mvuvi wa Makunduchi, aliiona peke yake. Kaskazi ya mwaka jana, baina ya magharibi na isha, alikuwa ngalawani, mshipi mkononi, aliponyanyua uso akaona nuru nyeupe ikipanda kutoka kusini-magharibi, haipepesi wala haina sauti. Ilimpita utosini, ikaelekea kaskazini-mashariki, ikasimama, kisha ikazimika kabla ya kufika majini.

Pwani walimcheka. Wanawe hawakucheka, walishauriana wamzuie kwenda baharini usiku, kwani mzee aonaye wasichokiona wenzake, walisema, kesho ataudhani mwamba kuwa ni maji. Nikaombwa mimi, niliyesoma mjini, nimweleze kwa upole kwamba macho yamechoka.

Nilianza vibaya.

"Shikamoo ami. Huenda ilikuwa Zuhura."

Aliitikia, akanyamaza kitambo. "Mwanangu, Zuhura naijua tangu wewe hujazaliwa. Zuhura hutua, haikimbii."

Nikatahayari, nikaona ni wajibu kuyapima maneno yake kama ushahidi wa mtu mzima mwenye akili zake. Kimondo hupita kwa sekunde chache, na hii ilidumu dakika kadhaa. Ndege ina taa za kupepesa. Lakini nuru izimikayo ingali juu, muda mfupi baada ya jua kutua, ni dalili ya setilaiti: huangazwa na jua ambalo sisi tulio chini hatulioni tena, hata iingiapo kivulini mwa dunia. Nikatafuta majedwali ya mapito ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, kikienda kilomita 28,000 kwa saa. Usiku wa Ijumaa alionitajia hapakuwa na kitu. Karibu niwape wanawe jibu walilolitaka.

Kumbe nimehesabu kwa kalenda ya ofisini! Kwa ami, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kutwa ya Alkhamisi. Nikarudi kwenye jedwali: Alkhamisi, saa moja na nusu, kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, karibu na utosi.

Limebaki la kusimama. Kituo hakisimami, ingawa kikikaribia upeo wa macho huonekana kwenda polepole, na ngalawa nayo huyumba. Nilimweleza hayo, na kwamba tangu Novemba 2000 hakijakosa watu ndani yake.

"Wanakwenda zamu?"

"Ndiyo, ami."

Wanawe wameridhia aende, kwa sharti la kufuatana na mjukuu. Ami amelikubali sharti. Kuhusu nuru, angali anasema ilisimama.