Kituku, mahali pa kusukuma

Ukitoka katikati ya mji wa Goma kuelekea Sake, utaacha barabara kubwa na kushuka kushoto mpaka Ziwa Kivu. Hapo ndipo Kituku, upande wa Kyeshero. Utajua umefika kwa harufu ya sambaza, na kwa mabidoni ya manjano ya wachota maji. Boti za mbao zinaleta ndizi, mihogo, maharagwe na makala kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Chini ya miguu ni mawe meusi ya volkano, na njia inateremka kuelekea majini.

Mimi nilishuka huko asubuhi moja pamoja na shemeji yangu kupokea magunia ya makala. Motokari yake ni Toyota Hilux ya zamani, ya mazutu. Injini yake ni nzima kabisa, lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja: demarere. Ukizungusha ufunguo, unasikia «tak!» mara moja, kisha kimya.

Ilikuwa hivyo miezi minne. Kila asubuhi watoto wake walisukuma motokari wakiwa wamevaa nguo za shule, tena wakicheka. Nilimwuliza kwa nini hatengenezi. Akajibu: «Shemeji, Kituku wasukumaji hawakosi.»

Kweli hawakosi. Tulipomaliza kupakia, vijana sita wakaja mbio: «Papa, tusukume?» Lakini mteremko wa Kituku unaenda upande mmoja tu, kwenye maji, na kati yako na maji wamekaa mama wenye kuuza samaki. Shemeji akatia vitesi ya pili, akakanyaga ambreyaje. Vijana wakasukuma. Alipoachilia, injini ikakohoa, ikazimika. Akakanyaga tena ambreyaje ajaribu mara ya pili, na motokari yenye mzigo ikazidi kushuka. Akakanyaga freni, nayo ikawa ngumu kama jiwe. Msomaji, kumbuka jambo hili: katika motokari nyingi ni injini inayosaidia mguu wako kwenye freni. Ikizimika, baada ya kukanyaga mara mbili au tatu msaada ule unakwisha.

Mama wakaruka. Gurudumu la mbele likagonga jiwe la lava, likasimama. Hakuna aliyeumia. Beseni moja tu la sambaza lilipondeka. Mwenye beseni hakupiga kelele. Alimtazama shemeji yangu, akasema: «Papa, leo ni samaki. Na kesho?»

Shemeji alilipa samaki, kisha akamwita fundi aliyekuwa akifanya kazi kando ya njia, chini ya kivuli cha hema la plastiki. Nilidhani atasema mara moja, «Nunua demarere ingine.» Hapana. Aliuliza kwanza: «Muzee, ukizungusha ufunguo unasikia nini?»

Akatufundisha hivi. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana au zikizimika, angalia kwanza batri na vichwa vya nyaya zake. Mara nyingi ni uchafu mweupe tu, au waya wa masi uliolegea, kwa sababu barabara za mawe zinatikisa kila kitu. Batri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, inaonyesha karibu 12.6. Lakini taa zikibaki zinang'aa na unasikia «tak» moja tu, ubaya uko ndani ya demarere yenyewe.

Kwetu taa zilibaki zinang'aa. Fundi akafungua kwanza waya wa masi kwenye batri, ili asichome kitu wala mtu. Akashusha demarere, akafungua kile kichwa cha pembeni ambacho mafundi wanakiita solenoide. Kichwa hicho kina kazi mbili: kusukuma jino la demarere lishike gurudumu la meno la injini, na kufunga njia ya umeme mkubwa. Umeme huo unapita kwenye vipande viwili vya shaba, vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kila ukiwasha, cheche inakula shaba kidogo. Kipande kimoja kilikuwa kimeliwa mpaka hakigusi tena.

«Demarere haiko kufa,» fundi akasema. «Iko na njaa ya shaba.»

Nikawakumbuka ninyi wa Kolwezi na Likasi, mnaoona shaba ikipita kwa malori kila siku. Motokari nzima ilikuwa imelazwa na ukosefu wa shaba isiyojaza kijiko! Fundi alikata vipande vipya kutoka shaba nene, akavipiga tupa vikalingana, maana kimoja kikizidi kingine umeme hautapita vizuri. Akatazama urefu wa sharbo, vile vipande vya kaboni vyenye kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zilikuwa bado ndefu. Akasafisha vumbi jeusi la Goma, akafunga. Haikuchukua saa mbili, na bei haikufika ya gunia moja la makala. Ufunguo ukazungushwa, injini ikawaka. Wale vijana sita wakapiga makofi, ingawa walikuwa wamepoteza kazi.

Vijana mnaojifunza ufundi, fundi aliongeza onyo moja. Wengine wanaunganisha demarere kwa bisibisi wakiwa wamelala chini ya motokari. Kama iko kwenye vitesi, itaruka mbele na kumkanyaga fundi mwenyewe.

Wazee wanakumbuka manivela, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, kilichoweza kurudi nyuma na kuvunja mkono wa mtu. Ndiyo sababu watu walifurahi mwaka 1912, Cadillac ya kule Marekani ilipotoka na demarere ya umeme. Ilitengenezwa ili mtu asiumie akiwasha motokari yake. Sisi tukiisha kuizoea mbovu, tunarudisha hatari ileile.

Tukipanda kutoka Kituku, shemeji alinyamaza muda mrefu. Mahali pale wanajua bei ya kuzoea. Mwaka 2024 vita ilifunga barabara ya Minova, watu na vyakula vikapita ziwani, boti zikajazwa kupita kiasi, na watu wakazoea. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, wenye kungoja ndugu zao wakiona kwa macho yao. Wengi walikufa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumbani mwako kuna kitu gani ambacho wote wamezoea kukisukuma? Pengine ni waya wa umeme ulio wazi, pengine freni ya baiskeli ya mtoto. Kisikilize leo. Pengine kina njaa ya kipande kidogo tu.

Siku hizi watoto wa shemeji wanaenda shuleni bila jasho. Mdogo analalamika kwamba mchezo wao umekwisha.